Kupunguza umeme kwenye mtambo wa majitaka bila kuharibu maji unayoyatoa: mwongozo kamili

Mtambo wa kwanza niliokabidhiwa ulikuwa wa hoteli ya ufukweni, mita za ujazo 150 za majitaka kwa siku. Blowa mbili, yaani mashine za kupuliza hewa, zilinguruma usiku na mchana, na maji kwenye tangi la hewa yalikuwa yakitokota kama sufuria ya uji iliyosahauliwa motoni. Kila aliyepita aliridhika kwamba mtambo unafanya kazi. Nilipotumbukiza kipimo cha oksijeni kikasoma miligramu 6.4 kwa lita. Bakteria wanaosafisha majitaka wanatosheka na 2. Iliyozidi hapo ilikuwa fedha ya mwenye hoteli, inapanda juu na kupasuka.

Nimeandika kwa ajili yako unayesimamia mtambo wa hoteli, hospitali, chuo, kiwanda kidogo au mji mdogo, mwenye fundi mmoja au wawili na bili ya umeme isiyoshuka. Kwenye mitambo inayotumia tope hai, yaani bakteria wanaolishwa hewa, kusukuma hewa peke yake huchukua nusu ya umeme wote au zaidi. Hapo ndipo pa kuanzia, na unaanza kwa kupima kabla ya kununua chochote. Watu wengi huniuliza habari za sola kabla hawajajua blowa yao inakula uniti ngapi. Sola nimeiweka mwisho kwa makusudi.

Hatua ya 1: Jua uniti ngapi kwa kila mita ya ujazo

Unahitaji namba tatu: maji yanayopita, umeme unaotumika, na ubora wa maji yanayotoka. Ukikosa mojawapo hutajua kama umeokoa au umeharibu.

Kama huna mita ya maji, kata bati zito kwa umbo la V lenye pembe ya nyuzi 90, lifunge wima kwenye mfereji wa kutokea, maji yote yapite kwenye hiyo V na kuanguka huru upande wa pili. Pima kimo cha maji kuanzia ncha ya chini ya V, lakini weka rula nyuma kidogo ya bati, mahali ambapo uso wa maji haujaanza kuinama. Kimo cha sentimita 10 ni karibu lita 4.4 kwa sekunde, na sentimita 7 ni karibu lita 1.8. Soma kila saa kwa siku mbili, moja ya katikati ya wiki na moja ya wikiendi. Utaona kilele cha asubuhi, kilele cha jioni, na saa za usiku ambapo karibu hakuna kinachoingia. Picha hiyo utaihitaji baadaye.

Kwa umeme, mwite fundi aje na mita ya klampu apime kila mota ikiwa kazini. Kwa mota ya fezi tatu, zidisha volti kwa ampea kwa 1.732 kwa pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli. Mfano: 400 × 16 × 1.732 × 0.82 ni karibu wati 9,090, yaani kilowati 9. Usitumie namba iliyo kwenye kibati cha mota. Mota iliyoandikwa kilowati 11 inaweza kuwa inavuta 9 au 6. Blowa inayovuta kilowati 9 saa 24 inakula uniti 216 kwa siku. Ile hoteli ilikuwa na mbili, kwa hiyo 432. Gawa kwa mita za ujazo 150 upate karibu uniti 2.9 kwa kila mita, kabla hujahesabu pampu hata moja.

Sasa linganisha na mahitaji halisi. BOD ni kiasi cha oksijeni ambacho uchafu unakidai ili uoze. Majitaka yenye BOD ya miligramu 300 kwa lita, mita 150 kwa siku, yanabeba kilo 45. Tenga kilo 1.2 za oksijeni kwa kila kilo ya BOD, utapata 54. Ongeza amonia: kila kilo ya naitrojeni ya amonia ikigeuzwa naitreti inakula kilo 4.57 za oksijeni, kwa hiyo kilo 6 zinadai 27. Jumla ni kilo 81. Difyuza, yaani vifaa vya chini ya tangi vinavyotoa hewa kama viputo, zikiwa za viputo vidogo na zenye hali ya wastani huingiza walau kilo moja ya oksijeni kwa uniti moja. Kwa makadirio hayo, kazi ya uniti 80 au 100 ilikuwa inafanywa kwa 432.

Ubora wa maji upime maabara mara moja kwa mwezi. Kwa Tanzania kiwango cha TZS 860 kinataka maji yanayotoka yasizidi BOD 30, COD (oksijeni inayodaiwa uchafu ukivunjwa kwa kemikali) 60 na chembe zinazoelea 100, zote miligramu kwa lita. Chukua sampuli kabla hujagusa swichi yoyote, ili ujue ulipoanzia.

Hatua ya 2: Zuia mzigo kabla haujafika kwenye tangi

Anza na jikoni. Kilo moja ya mafuta ya kupikia inadai karibu kilo 2.9 za oksijeni ili ivunjwe, na hiyo oksijeni utailipia kwenye bili. Chemba ya mafuta isafishwe kwa ratiba, si pale inapofurika. Mpe mpishi ndoo yenye mfuniko ya mafuta yaliyotumika na umweleze kwa nini. Nimeona wapishi wakiwa wasimamizi bora wa mtambo kuliko mafundi, kwa sababu tu mtu aliketi nao akawaeleza.

Wavu wa kukamata takataka usafishwe kila zamu. Taulo za kike na vitambaa vikipita hapo vitajizungusha kwenye pampu. Halafu subiri mvua kubwa ukasome bati lako la V: mtiririko ukiruka mara mbili au tatu, maji ya paa au ya uwanja yameunganishwa kwenye bomba la majitaka, na unalipa kupampu mvua. Na usiku wa manane, mtiririko usiokatika mara nyingi ni matangi ya choo yanayovuja.

Hatua ya 3: Hewa

Azima au nunua kipimo cha oksijeni cha mkononi. Kama mwaka huu utanunua kifaa kimoja tu, kiwe hiki. Pima katikati ya tangi, nusu ya kina, asubuhi, mchana, jioni na saa nane usiku, kwa wiki nzima. Lengo ni kati ya 1.5 na 2.

Kwa nini isiwe 5, kwa usalama zaidi? Kwa sababu maji yana kikomo cha oksijeni yanayoweza kubeba, na kadiri unavyokikaribia ndivyo hewa inavyogoma kuyeyuka. Maji ya nyuzijoto 28, kama ya Dar es Salaam au Mombasa, hujaa oksijeni kwenye miligramu 7.8 hivi. Ukishikilia 2, pengo linalovuta hewa iingie ni 5.8. Ukishikilia 5, pengo ni 2.8. Bakteria wanakula kiasi kilekile, lakini unahitaji hewa mara mbili kuwafikishia. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano, kwa hiyo kikomo hushuka zaidi na adhabu ya kuzidisha huwa kali zaidi.

Kabla ya kupunguza saa za blowa, ponya blowa yenyewe. Nenda chumba cha blowa na karatasi.

Soma geji ya shinikizo. Tangi lenye mita 3.5 za maji juu ya difyuza linadai karibu bar 0.35, kisha ongeza kidogo ya mabomba na difyuza zenyewe. Ikisoma 0.40 uko salama. Ikipanda hadi 0.50, difyuza zimeziba au vali imefungwa nusu, na blowa ya aina ya ndewe mbili zinazozunguka itavuta umeme karibu robo zaidi kwa hewa ileile. Andika usomaji huu kila siku, maana unapanda polepole sana na macho huuzoea.

Sikiliza vali ya usalama. Ikipiga mluzi, inatoa nje hewa uliyokwisha kuilipia. Gusa mkanda, ukague kama umelegea. Toa chujio la hewa ulipigie nje. Kwenye mitambo iliyo karibu na barabara ya vumbi nimetoa vumbi la kujaza kopo. Angalia pia kama chumba kina joto: kila nyuzi 3 zinazoongezeka kwenye hewa inayovutwa hupunguza oksijeni kwa karibu asilimia 1. Dirisha la wavu upande wa upepo linatosha.

Kisha simama ukingoni mwa tangi utazame uso wa maji. Viputo vizuri ni vidogo, vyeupe, vimetapakaa sawasawa kama mvua ya rasharasha juu ya kidimbwi. Ukiona mahali panatokota kwa mapovu makubwa kama ngumi, hapo difyuza imechanika au bomba limeachia, na hewa nyingi inakimbilia huko. Mahali palipotulia kabisa, difyuza imeziba. Chora ramani ya tangi, tia alama, uitunze. Difyuza zilizochafuka zitoe uzisugue kwa brashi laini na maji. Zilizokakamaa mpira wake zibadilishe. Viputo vidogo huyeyusha oksijeni karibu mara mbili au tatu zaidi ya vikubwa kwa hewa ileile, kwa hiyo mabadiliko haya hujilipa mapema.

Sasa ndipo upunguze. Njia rahisi ni taima. Zima blowa wakati mtiririko uko chini, kwa vipindi vifupi vya dakika 20 hadi 40, na usivuke saa moja unusu. Hewa ikikatika, bakteria hugeukia oksijeni iliyo ndani ya naitreti, na kila kilo ya naitrojeni ya naitreti inayovunjwa hivyo hukurudishia kiasi cha kilo 2.86 za oksijeni. Umeokoa umeme, na palepale umepunguza naitrojeni inayokwenda baharini kurutubisha mwani unaofunika matumbawe. Kwa mtu wa Pwani hilo si jambo dogo; matumbawe yakifa, mvuvi ndiye wa kwanza kujua.

Difyuza za mpira hujifunga hewa inapokatika, kwa hiyo huvumilia kuzimwa. Za kauri huruhusu tope kuingia kwenye matundu, hizo usizizime hovyo. Na mtambo wako ukiwa na difyuza za mpira zilizochanika, kila kuzima kutajaza mabomba tope, ndiyo maana ramani ilitangulia.

Njia ya pili ni kifaa cha kubadili kasi ya mota, ambacho mafundi wetu hukiita inveta. Hapa kuna kosa linalogharimu watu. Kwa feni na pampu za kawaida, umeme hufuata kasi iliyozidishwa yenyewe mara tatu (kipeo cha tatu): ukipunguza kasi kwa asilimia 20, umeme hushuka hadi karibu nusu. Muuzaji atakupa hesabu hiyo. Lakini blowa ya ndewe haifuati sheria hiyo, kwa kuwa shinikizo la maji lipo palepale. Ukipunguza kasi kwa asilimia 20 utaokoa karibu asilimia 20. Bado inafaa, ila usinunue kwa ahadi ya nusu. Na usiishushe chini ya kasi ya chini iliyowekwa na mtengenezaji, itapata joto kali.

Punguza saa moja au mbili kwa wiki, si zote kwa siku moja. Kukiwa na oksijeni chini ya 1 kwa muda mrefu, bakteria wanaoshughulikia amonia hutoa oksidi ya naitrasi, gesi ambayo kilo moja yake hupasha dunia joto kama kilo 273 za kaboni dayoksaidi. Dalili za kwamba umezidisha ni harufu ya mayai viza, tope kugeuka jeusi badala ya hudhurungi ya chokoleti, na amonia kupanda kwenye maji yanayotoka. Ukiona mojawapo, rudi kwenye ratiba ya wiki iliyopita siku hiyohiyo.

Kwenye ile hoteli, mwezi wa tatu ulipoisha blowa moja ilikuwa inafanya kazi saa 14 kwa siku. Uniti 126 badala ya 432, na BOD ikabaki chini ya 30. Blowa ya pili ikawa ya akiba, tunazibadilisha kila Jumatatu ili zote zisishike kutu.

Hatua ya 4: Tope lisizeekee tangini

Chota lita moja kutoka tangi la hewa, mimina kwenye silinda ya kioo, iache dakika 30 bila kuisogeza. Soma tope limetua hadi wapi. Kwenye mitambo midogo ya namna hii, mililita 250 hadi 500 ni salama. Likibaki kwenye 800 au 900, ongeza maji safi nusu kwa nusu urudie. Likitua vizuri sasa, tope limezidi tu. Likiendelea kuelea kama sufi, tatizo ni bakteria wa nyuzinyuzi, na mara nyingi chanzo ni mafuta au oksijeni ndogo mno.

Tope lililozidi linapumua. Bakteria wazee wasio na chakula hulana wenyewe, na wanavuta oksijeni wakifanya hivyo. Litoe kidogokidogo kila siku, usingoje kila miezi mitatu. Mwaga kwenye kitanda cha mchanga, unene wa sentimita 20, na jua la kiangazi litalikausha kwa wiki mbili au tatu. Usilipeleke moja kwa moja kwenye bustani ya mchicha. Mayai ya minyoo ya tumbo huishi miezi mingi kwenye tope lililoonekana kukauka, na watoto ndio watakaoyala.

Hatua ya 5: Pampu

Kuinua mita moja ya ujazo kwa mita 10 kwa pampu yenye ufanisi wa nusu kunahitaji karibu uniti 0.055. Pima yako hivi: zuia maji yasiingie kwenye shimo la pampu, washa, na utazame saa. Shimo la mita 2 kwa 2 likishuka sentimita 50 kwa dakika 4, umetoa mita 2 za ujazo, sawa na 30 kwa saa. Kama mota inavuta kilowati 3.6, unatumia uniti 0.12 kwa mita ya ujazo. Kwa kimo cha mita 10 hiyo ni zaidi ya mara mbili ya inavyostahili. Mara nyingi utakuta kitambaa kimejizungusha kwenye panga la pampu linalosukuma maji, panga limelika, au vali ya kuzuia maji yasirudi haifungi na maji yaleyale yanazunguka usiku kucha.

Usiingie kwenye shimo hilo kutazama. Gesi ya mayai viza huua pua kabla haijamuua mtu: ikizidi, huisikii tena, na unadhani imeondoka. Anayeruka ndani kumwokoa mwenzake hufa juu yake. Vuta pampu juu kwa mnyororo. Kama kuingia hakuepukiki, kiwepo kipimo cha gesi, feni ya kupuliza hewa, mkanda wenye kamba, na watu wawili juu ambao hawataingia kwa hali yoyote.

Hatua ya 6: Soma bili yenyewe

Wateja wakubwa hulipia pia kilele cha mzigo kwa kVA, yaani ukubwa wa umeme unaovutwa kwa wakati mmoja, pamoja na uniti. Mota tatu zikifanya kazi kwa pamoja kwa muda, kilele hicho kitahesabiwa kwa mwezi mzima. Weka taima ili mota zinazoweza kupishana zisifanye kazi kwa wakati mmoja. Pawa fakta ikiwa chini ya 0.9, zungumza na fundi kuhusu kapasita, vifaa vya kuipandisha.

Hatua ya 7: Gesi na mabwawa

Joto letu ni mtaji. Tangi lililofunikwa lisilo na hewa, likiwekwa kabla ya tangi la hewa, huondoa sehemu kubwa ya uchafu bila uniti hata moja, na kila kilo ya COD inayovunjwa humo hutoa hadi mita 0.35 za ujazo za methani. Mtambo wa shirika la maji la EBMUD kule Oakland, California, uliweza mwaka 2012 kuzalisha umeme kuliko unaotumia, kwa kupokea pia mafuta na mabaki ya chakula. Lakini huo ni mtambo wa jiji. Kwako wewe, peleka gesi jikoni, usinunue jenereta. Injini huliwa na ile gesi ya mayai viza usipoichuja. Na gesi usiyoitumia ichome, maana methani ikiachwa hewani ni mbaya kuliko moshi wake.

Kama una eneo, mabwawa hayana mpinzani. Mtambo wa Dandora, upande wa mashariki wa Nairobi, husafisha majitaka ya jiji kwa mabwawa, na Moshi maji ya mabwawa ya Mabogini yamekuwa yakimwagilia mpunga. Kazi yake ni ndogo ila haina likizo: toa takataka zinazoelea, kata nyasi kingoni ili mbu wasizaliane, na toa tope bwawa la kwanza linapojaa theluthi. Bwawa lisilowahi kutolewa tope ni mtaro tu, maji hupita katikati kwa siku moja badala ya siku kumi. Ukitaka kumwagilia, mwongozo wa WHO wa 2006 unataka yasizidi yai moja la minyoo kwa lita.

Hatua ya 8: Sola

Sasa pima upya kila mota. Chukua uniti zinazotumika kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Tuseme ni 60. Pwani, kilowati moja ya paneli hutoa kama uniti 4 kwa siku, kwa hiyo kilowati 15 zinatosha bila betri, nawe unasogeza vipindi virefu vya blowa viangukie mchana. Ile hoteli ingepiga hesabu hii kabla ya hatua ya tatu, ingenunua pia paneli za kuilisha blowa ya pili, ambayo leo imezimwa, inangoja Jumatatu yake.